Isamilo 1858: Kilima kilionyesha kidogo, watu wakaeleza mengi

Anayepanda daladala Buhongwa kwenda mjini, akapita Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni, anakuwa katikati ya vitu viwili vinavyoitambulisha Mwanza: mkono wa kulia vilima vya mawe, mkono wa kushoto ghuba ya ziwa. Barabara ni ile ile itokayo Shinyanga. Kabla ya lami, kabla ya reli ya mwaka 1928 na kabla ya boma la Mjerumani, aliyetoka Unyanyembe, nchi ya Tabora ya leo, kwa miguu kuja ziwani aliingilia upande huu huu wa ghuba. Leo vijana wa jogging huamka alfajiri, fulana za rangi moja, wakapanda vilima hivi kwa ajili ya afya na picha. Lakini kundi la mapema zaidi ambalo safari yake ya kupanda kilima cha hapa iliandikwa kwa tarehe kamili lilipanda asubuhi ya Jumanne, Agosti 3, 1858.

Vitabu vya shule vimelipunguza kundi lile hadi akabaki mtu mmoja, John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza nchini India aliyekuwa na umri wa miaka 31. Mwanafunzi hukariri kwamba alipanda kilima, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Ukifuatilia safari nzima kuanzia siku ya kwanza unakuta watu zaidi ya 30, na unakuta jambo ambalo halisemwi sana: kilima chenyewe hakikumwonyesha Speke mengi.

Safari ilianzia Kazeh, mji ambao sasa ni Tabora. Speke na mwenzake Richard Burton walikuwa wametoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, wakaliona Ziwa Tanganyika, kisha wakarudi Kazeh wakiwa wamechoka na kuugua. Pale Kazeh mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyewahi kufika hadi Buganda kwa Kabaka Suna. Snay ndiye aliyewaambia kwamba kaskazini kuna ziwa jingine, Waarabu wakiliita Ukerewe, na kwamba ni kubwa kuliko Tanganyika. Kwa hiyo habari ya ziwa ilikuwa imeshafika barazani kwa Snay, inazungumzwa pamoja na bei ya pembe za ndovu, kabla mzungu yeyote hajafunga mzigo. Burton akaamua kubaki apumzike na kuandika. Speke akaomba ruhusa ya kwenda kutazama.

Julai 9, 1858 wakaondoka. Kulikuwa na kirangozi mmoja, yaani kiongozi wa njia, wapagazi 20, askari wa Kibaluchi 10 wa kulinda, na watumishi watatu: Sidi Mubarak Bombay, Mabruki na Gaetano, ambaye alikuwa Mgoa. Walichukua mahitaji ya wiki sita. Anayejua misafara ya karne ile anajua maana ya mahitaji hayo: majora ya merikani na kaniki, shanga za kila rangi, na unga utakaonunuliwa njiani kwa shanga hizo hizo. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, ukibebwa begani au kichwani. Walitoka kabla jua halijapanda, wakatua kabla ya mchana kuwaka, wakajenga boma la miiba pale ambapo hapakuwa na kijiji. Kirangozi alitangulia, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Speke mwenyewe mara nyingi alipanda punda.

Njia ilikuwa vipande viwili vinavyopokezana. Kipande cha mashamba na vijiji, kisha kipande cha pori la miombo, kisha mashamba tena. Katika pori waliogopa wanyama na wanyang'anyi, na katika vijiji waliogopa hongo, kwa sababu kila mtemi alikuwa na haki ya kudai chake. Huko Unyambewa walimkuta mtemi mwanamke, Ungugu, bibi mfupi mwenye bangili nyingi, aliyetaka kumshika mgeni mikono na kukagua nguo zake kwa karibu. Mimi huona tukio hilo lina thamani kuliko kurasa nyingi za vipimo vya Speke. Linatuambia kwamba mwaka 1858, katika nchi aliyopita, mwanamke alikaa kitini akapokea msafara wenye bunduki, na bunduki ndizo zilizosubiri ruhusa.

Kisa kingine ni cha miwani. Speke alikuwa ameugua macho vibaya, na kwa sababu ya mwanga mkali alivaa miwani ya rangi ya kijivu. Vijijini watu walijazana, wakawa wanainama wachungulie chini ya ukingo wa kofia yake waone mtu mwenye macho manne. Msongamano ukawa mkubwa mpaka punda akawa hatulii, na mwenye miwani ikabidi aivue. Basi mtu huyu ambaye historia inamsifu kwa kuona, sehemu ya njia aliipita macho yakimuuma.

Pori lile la miombo leo utalitafuta kwa tochi. Ufyekaji wa kufukuza mbung'o enzi za Mwingereza, mashamba ya pamba, kuni na mifugo viliufanya mkoa wa Shinyanga ukauke kiasi cha kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukafufua ngitili, maeneo ya malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili nyasi na miti ijirudie. Msafiri wa basi kutoka Tabora kuja Mwanza akiona vichaka vya miti ya asili vimesimama kando ya mashamba, baadhi yake ni matunda ya kazi hiyo. Ndivyo vinavyompa picha, japo kwa mbali, ya kivuli walichotembea chini yake wapagazi wale.

Julai 30 wakaona maji. Hayakuwa ziwa kuu bali ncha ya kusini ya ghuba, nyembamba, imeingia ndani ya nchi kama mkono. Speke akaiita Jordans, jina la nyumba ya wazazi wake huko Somerset, Uingereza. Hakuna mvuvi wa Misungwi anayelijua jina hilo, na hakuna hasara. Ni ghuba hii hii ambayo tangu Juni 19, 2025 inavukwa kwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu. Msafara wa 1858 haukuivuka. Uliifuata kwa upande wa mashariki ukielekea kaskazini, ghuba ikizidi kupanuka kushotoni, na upande wa pili ikionekana nchi ya Wazinza.

Siku nne baadaye walitoka kwenye eneo ambalo Speke aliliandika Isamiro, jina ambalo sisi tunalo hadi leo kwenye mtaa na kilima cha Isamilo. Wakaanza kupanda polepole, kwa mzunguko, mlima usio mkali. Ilikuwa asubuhi mapema. Juu kabisa maji ya buluu iliyopauka yakajitokeza mbele yao ghafla. Speke hakuambiwa jina la kilima, naye akakipa jina la mkoa wa kwao, Somerset.

Hapa inafaa msomaji asimame juu ya kilima hicho kwa dakika chache, kwa miguu au kwa mawazo. Kaskazini kuna maji, lakini kuna visiwa pia, virefu kwa vifupi, na mbele zaidi nchi ya Ukerewe imeziba upeo. Majabali ya pwani nayo yanakata picha. Kwa jicho tupu mtu anaweza kuapa kwamba anatazama ziwa la kadiri lenye visiwa vingi. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kutoka Isamilo huoni ila sehemu ndogo ya hizo. Speke aliteremka kilimani akiwa na hakika kwamba ameona chanzo cha mto Nile, kilichokuwa kikitafutwa. Hakika hiyo haikutoka machoni.

Ilitoka kwa watu. Mwanza ile ilikuwa chini ya mtemi Mahaya, na pale aliishi Mwarabu aitwaye Mansur bin Salim, aliyempokea Speke kama mgeni wake. Hao wawili ndio waliomweleza kisiwa kipi ni kipi, nchi ipi iko ng'ambo, na safari ya mtumbwi huchukua siku ngapi. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alimuuliza Bombay kwa Kihindustani kibovu, ambacho Bombay alikijua kwa kuishi India, naye Bombay akauliza kwa Kiswahili, na mwenye kujua Kisukuma akamalizia. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Alipotaka kujua ziwa linaishia wapi kaskazini, mzee mmoja aliyesifiwa kwa kusafiri aligeukia upande huo, akatikisa kichwa na kupunga mkono mara nyingi, akasema hakuna ajuaye, pengine linafika mwisho wa dunia.

Huo ndio ushahidi mkubwa aliorudi nao. Ushahidi wa pili ulikuwa wa sufuria. Wasafiri wa wakati ule walipima mwinuko wa mahali kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu. Kwa njia hiyo Speke alipata mwinuko wa ziwa uliokaribia sana ule tunaoutumia leo, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tanganyika, kwa vipimo vyao, ilikuwa chini zaidi, na kweli iko kama mita 773. Maji hayapandi mlima. Ikiwa Nile inatoka katika mojawapo ya maziwa hayo mawili, ziwa la juu lilikuwa na nafasi kubwa zaidi.

Alitaka kupanda mtumbwi aende Ukerewe akahakikishe. Mahaya na Mansur wakamzuia. Vyombo havikufaa, na uhusiano na Machunda, mtawala wa Ukerewe, haukuwa mzuri. Baada ya siku chache tu akageuza. Agosti 25 alikuwa Kazeh, anamsimulia Burton.

Burton hakumwamini. Wengi wanaoandika habari hizi humfanya Burton mwenye wivu, na huenda alikuwa nao, lakini hoja yake ilikuwa nzito: umeona kona, unawezaje kudai nyumba? Ugomvi wao ukahamia London, ukaingia magazetini na katika Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme. Speke alirudi Afrika mwaka 1860 pamoja na James Grant, akazunguka upande wa magharibi wa ziwa, na Julai 28, 1862 akasimama pale maji yanapotokea Jinja. Hata hivyo hakulizunguka ziwa lote. Septemba 16, 1864 alitakiwa kukabiliana na Burton mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Bath. Siku moja kabla, akiwa kwenye uwindaji wa ndege, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 37.

Aliyefunga mjadala ni msafiri Henry Morton Stanley, na alianzia tena kwetu. Februari 27, 1875 alifika Kageye, mashariki mwa Mwanza, akaunganisha mashua yake Lady Alice iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, na Machi 8 akaingia majini. Alilizunguka ziwa lote, akarudi Kageye mwezi Mei. Ziwa lilikuwa moja, na lilikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Mzee wa Mwanza hakuwa amekosea sana.

Na Bombay? Alikuwa Myao, alitekwa akiwa mtoto wa miaka kama 12, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar, akaingia jeshi la Sultani. Baada ya Isamilo alikwenda tena na Speke hadi Jinja, akaandamana na Stanley mwaka 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone, kisha na msafiri Mwingereza Cameron kutoka Bagamoyo mwaka 1873 mpaka Benguela kwenye Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Hesabu hiyo ya kilomita za miguu inawashinda takriban wazungu wote waliomwajiri. Jumuiya ile ya London ilimpa medali ya fedha, na mwaka 1876 ikampa pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Walimu wa Buhongwa, Mkolani na Nyegezi wana bahati ambayo shule nyingi hazina: somo hili linafikika kwa nauli ya daladala. Wakiwapandisha wanafunzi Isamilo, wasiwaambie tu habari za Speke. Wawatajie na Snay bin Amir, Ungugu, Bombay, Mabruki, Mahaya na Mansur, kisha wawaulize wanachokiona kutoka pale juu, na kama wangethubutu kusema kwamba Nile inaanzia hapo.