Alhamisi ya Mama Susanna

Tangu kiboko kipigwe marufuku katika shule zetu hapa Kenya mwaka 2001, kuna swali wazazi hawaachi kuuliza: Pasta, sasa tutawalea na nini? Hebu nikusimulie habari za mama mmoja.

Susanna Wesley alizaliwa London mwaka 1669, akaolewa na Samuel, kasisi wa Epworth. Alizaa watoto 19, wakakua 10 tu. Pesa ilikuwa taabu, hata mwaka 1705 mumewe akafungwa kwa sababu ya deni. (Ndiyo, hata watumishi hudaiwa.)

Usidhani alikuwa mama wa kubembeleza. Mtoto wake akifikisha mwaka mmoja alikuwa ameshafundishwa kuogopa fimbo na kulia polepole. Hapo mimi simfuati, nakwambia wazi. Mtoto wa umri huo hajui kosa, anajua maumivu tu.

Lakini mama huyu aligundua jambo ambalo sisi wengi hatulioni: watoto husema uongo kwa kuogopa kuchapwa. Basi akaweka sheria nyumbani kwamba anayekiri kosa lake na kuahidi kubadilika hachapwi. Kosa moja haliadhibiwi mara mbili, na mtoto akishajirekebisha hakumbushwi tena. Na aliyefanya jambo akitaka kukupendeza, hata kama ameliharibu, mpokee kwa upole umwelekeze. Wewe je, bado unamtajia kijana wako ile simu aliyoivunja Krismasi iliyopita?

Mithali 13:24 tunaikariri sote, lakini wengi huishia kwenye fimbo. Nusu ya pili, ile ya upendo, hatuifikii. Na Biblia yetu ya Kiswahili imetumia neno zuri hapo, kumrudi mtoto. Mimi nikilisikia nasikia mtu anayemrejesha mwenzake njiani.

Sasa sikia hili. Mwaka 1709 nyumba yao iliteketea usiku. John, mtoto wa miaka mitano, alitolewa kupitia dirishani. Watoto wakatawanywa kwa majirani na jamaa, na waliporudi walikuwa wamejifunza ufidhuli na mambo mabaya. Ungefanya nini hapo? Susanna alianza upya, kwa zaburi asubuhi na jioni. Baadaye akaongeza jambo lingine: kila jioni aliketi na mtoto mmoja peke yake, wakazungumza habari za nafsi yake. Jumatatu Molly, Jumanne Hetty, Jumatano Nancy, Alhamisi John, Ijumaa Patty, Jumamosi Charles. Nyumba imejaa watoto, kazi haiishi, na bado kila mmoja alikuwa na siku yake.

Mwaka 1732 John alikuwa mtu mzima, msomi wa Oxford, miaka kadhaa kabla ya mahubiri yake kuitikisa Uingereza. Alimwandikia mama yake barua, akamwomba ampe tena kile kipande kidogo cha Alhamisi jioni.