Mstari wa cc 250: Pikipiki Zilivyoingia Eastlands

Katika sehemu kubwa ya karne iliyopita, mkazi wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, alitembea. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, kisha zikafuata Bahati, Jericho na mitaa mingine ya halmashauri ya jiji, na mpangaji wa humo alitarajiwa kufika kazini kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa mabasi ya Kenya Bus Service yaliyokuwa yakizunguka Nairobi tangu 1934. Matatu ziliingia kuziba pengo, na Rais Kenyatta akaziruhusu rasmi mwaka 1973, katika mwongo uleule ambao Buruburu, Umoja na Dandora zilikuwa zikiinuka.

Pikipiki ilikuwa mali ya ofisi. Aliyeipanda alikuwa afisa wa kilimo, padri wa misheni au askari. Yamaha DT, ya cc 125 au 175, ilinunuliwa na serikali na mashirika kwa ajili ya barabara za mashambani, na injini yake ya mipigo miwili iliunguza oili pamoja na petroli ikiacha moshi wa buluu nyuma. Familia ya Makongeni au Shauri Moyo iliyojiwekea akiba haikuwa na sababu ya kununua kitu kama hicho. Pesa hizo zilikwenda kwenye karo, au kwenye ploti.

Mambo yaligeuka mwaka 2008. Serikali iliondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa pikipiki zisizozidi cc 250, kwa matumaini kwamba vijana wangepata kazi. Takwimu za usajili zinaonyesha yaliyofuata: mwaka 2007 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima zilikuwa takriban 16,000, mwaka 2008 zikapita 50,000, kufikia 2011 zilikuwa zaidi ya 140,000 kwa mwaka mmoja. Biashara ya bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Busia, ilipata injini na kuhamia mjini.

Mstari huo wa cc 250 ndio ulioamua sura ya nduthi, yaani pikipiki, za Eastlands. Hakuna aliyekaa Kayole akalinganisha pikipiki ndogo na kubwa kwa kuangalia mwendo. Kubwa ilikuwa imeshaondolewa mezani na bei yake. Uchaguzi uliobaki ulikuwa ndani ya udogo wenyewe: mia moja, mia na ishirini na tano, au mia na hamsini. Bajaj Boxer na TVS Star zilitoka India, Skygo na nyingine nyingi zikatoka China, na kwenye kila steji mjadala ulikuwa uleule.

Anayebeba abiria mmoja kutoka Mutindwa hadi Jogoo Road anatosheka na Boxer ya 100. Eastlands haina milima, na petroli ya shilingi mia inakwenda mbali. Lakini anayepakia gunia la viazi kutoka sokoni, au anayewapeleka watu Ruai kwa Kangundo Road siku ya mvua, hutaka 150, kwa sababu ile ndogo ikizidiwa na mzigo hulazimika kwenda kwa gia ya pili muda mrefu, injini inachemka na klachi inaisha mapema. Boxer ya 150 ina takriban nguvu za farasi 12, na kwa kazi hiyo zinatosha.

Karakana nazo zilikuwa na kura yao. Pale Kariobangi Light Industries, pikipiki mpya haikukaa siku nyingi kabla ya kupelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Anaongeza kerea ndefu ya chuma nyuma ya kiti, anafunga gadi mbele ya miguu ya dereva, anaimarisha vikanyagio vya abiria. Injini yenyewe ina pistoni moja na kabureta moja. Fundi huifungua kando ya barabara juu ya gunia, anabadilisha ringi, anaikaza, na jioni dereva yuko kazini. Ukimpelekea fundi huyo pikipiki ya silinda nne iliyofunikwa kwa plastiki na kuendeshwa kwa kompyuta, ujuzi wake wote unabaki bila pa kushika. Si kwamba hajui kazi. Spea hazipo Kirinyaga Road, na bila spea hakuna fundi.

Hata hivyo pikipiki kubwa za mbio zilifika Nairobi, zikiletwa na wenye kipato kizuri. Mfano ni Yamaha R1 iliyotoka mwaka 1998: cc 998, nguvu za farasi zipatazo 150, na uzito usiofika kilo 200. Thika Superhighway ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012, yenye urefu wa karibu kilomita 50, na Outer Ring Road ilipopanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande hadi kukamilika mwaka 2018, pikipiki hizo zilipata lami. Vijana wa Donholm na Kariobangi walizisikia Jumapili asubuhi kabla ya kuziona.

Hapo ndipo historia hii inauma. Ulaya, tangu 2013, kijana huanza na leseni ya cc 125, hupanda hadi ya nguvu za wastani, na anayetaka kuruka moja kwa moja hadi pikipiki isiyo na kikomo husubiri afike miaka 24. Kenya haikuweka ngazi za namna hiyo kati ya cc 150 na 1000. Aliyejifunza kwa Boxer anaweza kukalia R1 kesho yake kama pesa anazo, na uwanja atakaoutumia kujifunza ni barabara ya umma yenye mama anayevuka na matatu inayosimama ghafla.

Viwanja vya mbio si jambo geni Kenya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walowezi walishindana Langa Langa, karibu na Gilgil. Leo motocross inaendeshwa Jamhuri Park, upande wa magharibi wa jiji, ambako watoto huanzia cc 50, wakaenda 65, kisha 85, ndipo wakabidhiwe kubwa. Huo ndio mpangilio sahihi. Hata kampuni ya Honda ilipokwenda kwenye mbio za Isle of Man mara ya kwanza mwaka 1959 ilipeleka pikipiki za cc 125, ikashika nafasi ya sita na kutwaa tuzo ya timu. Mwaka 1961 ikashinda madaraja ya 125 na 250. Pikipiki ndogo inamlazimisha mpanda kuchagua mstari wa kona na kulinda mwendo wake, kwa kuwa hakuna nguvu ya ziada ya kumwokoa. Eastlands ina maelfu ya vijana wanaoijua pikipiki ndogo kwa ndani na nje, na hakuna hata mita mia moja ya lami iliyotengwa kwa ajili yao.

Ushuru nao ulirudi kwa njia nyingine. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 ilitoza shilingi 10,000 kwa kila pikipiki, bila kujali ukubwa wa injini. Kwa mnunuzi wa pikipiki ya mamilioni hilo ni jambo dogo. Kwa anayelipia nduthi yake kwa mkopo wa kila siku, ni wiki kadhaa za jasho.

Sasa cc zenyewe zinaanza kupoteza maana. Kampuni ya Opibus, iliyoanza Nairobi mwaka 2017 na kubadilisha jina kuwa Roam mwaka 2022, inauza pikipiki ya umeme, na kampuni za Ampersand na Spiro zinawabadilishia madereva betri badala ya kuwauzia petroli. Kwenye steji za Umoja swali ni betri itafika wapi na mzigo mgongoni, na kituo cha kuibadilisha kiko umbali gani. Kabureta haipo, na mafundi wa Kariobangi wameanza kuulizwa kuhusu nyaya.