Malalamiko ya Mfanyakazi katika Masisi na Walikale: Kutoka Posho hadi Kanuni ya Kazi

Neno posho, lililotaja chakula alichogawiwa kibarua kila juma, liliingia katika Lingala na humo likapata maana ya juma lenyewe. Katika Kongo ya Wabelgiji wakati wa mfanyakazi ulipimwa kwa mgawo, na mgawo usipotosha, njia ya kudai ilikuwa finyu mno. Amri ya 16 Machi 1922 ilimfanya mfanyakazi aliyevunja mkataba apewe adhabu ya jinai. Sheria ilimlinda mwajiri kwanza.

Katika milima ya Masisi, Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iliwapa walowezi ardhi, na kati ya 1937 na 1955 familia kutoka Rwanda zilihamishiwa huko. Mashamba ya kahawa, chai na pareto yakapata vibarua. Mwaka 1942, kwa ajili ya vita, siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mwaka 1944 Wakumu wa misitu ya Masisi na Lubutu waliasi, wakiongozwa na Bushiri, mfuasi wa Kitawala. Uasi huo ulikuwa na sura ya dini. Lakini waweza kusomwa pia kama lalamiko lililokosa mahali pa kupelekwa.

Baada ya uhuru mlango ulifunguliwa. Shirika la hifadhi ya jamii, INSS, liliundwa mwaka 1961, na Kanuni ya Kazi ikatolewa tarehe 9 Agosti 1967. Hata hivyo, mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa kimoja, kilichoitwa baadaye UNTZA, chini ya kivuli cha MPR. Mlango ulikuwapo, ila bawabu wake alikuwa dola.

Jaribio kubwa lilikuja na SOMINKI, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1976. Bei ya bati iliporomoka mwaka 1985, na mwaka 1997 kampuni ilifilisiwa. Wafanyakazi wake walibaki wakidai malimbikizo ya mishahara na hesabu ya mwisho, huku vita vya 1996 na 1998 vikitawanya watu pamoja na karatasi zao.

Kanuni mpya ya 16 Oktoba 2002 inaeleza njia waziwazi. Mlalamikaji huanza kwa mkaguzi wa kazi, anayejaribu kuwapatanisha wahusika. Upatanisho ukishindikana, ndipo shauri huenda mahakamani. Dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja. Mwaka huo ni mfupi mno pale barabara inapofungwa, kama ilivyotokea M23 ilipotwaa Rubaya Aprili 2024 na kuingia Walikale-centre Machi 2025. Mchimbaji mdogo asiye na mwajiri, kama maelfu waliochimba Bisie miaka ya 2000, hana hata wa kumshitaki.

Lakini Kanuni hiyo ina kifungu chenye thamani kubwa: palipokosekana mkataba wa maandishi, mfanyakazi aweza kuthibitisha ajira yake kwa njia zote za kisheria, ushahidi wa wenzake ukiwamo. Katika nchi ambamo karatasi zimeungua mara nyingi, kumbukumbu ya wazee wa mashamba na migodi si masimulizi tu. Ni hati ya haki, na kila mzee anayezikwa kabla ya kusikilizwa huondoka na ushahidi wa wengi.