Hapo Alipoegesha ni kwa Nani?

Likizo iliyopita nilimwonyesha bibi video kwenye simu. Tulikuwa tumekaa uani, Endamarariek, tukipukuchua mahindi. Katika video dada mmoja wa Marekani alikuwa akiwatembeza watazamaji ndani ya nyumba yake: chumba kimoja juu ya tela, kitanda juu ya jiko, ngazi ambayo kila kidato chake ni droo, meza inayokunjwa ukutani. Nilipomwambia bibi kwamba wenyewe wanaiita nyumba ndogo, alicheka mpaka akaweka gunzi chini. Kwa Kiswahili chetu nyumba ndogo ni habari nyingine, na mara nyingi ni kesi.

Alipomaliza kucheka aliuliza maswali matatu. Maji anateka wapi? Ng'ombe wanalala wapi? Na hapo alipoegesha ni kwa nani?

Mawili ya kwanza niliyajibu papo hapo. Maji yamo kwenye tangi, au yanavutwa kwa mpira kutoka kwa jirani; choo ni ndoo yenye maranda inayomwagwa kila baada ya siku chache; ng'ombe hana. La tatu sikulijibu. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na swali hilo nilirudi nalo chuoni.

Nilichogundua kwanza ni kwamba magurudumu yale hayakuwekwa kwa ajili ya safari. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Jay Shafer wa Iowa, mmoja wa walioanzisha mtindo huu, alijenga kijumba cha chini ya mita za mraba 10. Sheria za ujenzi za huko hazikuruhusu nyumba ya kudumu kuwa ndogo kiasi hicho, kwa hiyo akaiweka juu ya tela. Kisheria ikawa chombo cha barabarani. Wengi waliomfuata hawahami mara kwa mara. Shida yao ya kila siku ni kupata mtu atakayewaruhusu kusimama.

Kwetu nyumba ndogo zina historia ndefu zaidi. Wairaqw walitoka Irqwa Da'aw, katika nyanda za juu za Mbulu. Huko nyumba ilichimbwa kwenye mteremko na kuezekwa paa bapa la miti na udongo, hivi kwamba mgeni anayetoka juu angeweza kukanyaga paa asijue. Ilikuwa njia ya kujificha wakati wa uvamizi wa Wamasai, waliokuja kuchukua mifugo. Usiku ng'ombe waliingia ndani pamoja na watu. Bibi anaikumbuka nyumba ya aina hiyo: moshi machoni, joto la ndama mgongoni, nafaka juu ya kichanja, na hakuna mtu aliyekaa ndani mchana. Mchana nyumba ilikuwa ni uwanja, shamba na njia ya kwenda mtoni. Kuta zilikuwa za usiku.

Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na ndui ikaua watu, Wamasai wakadhoofika. Katika miongo iliyofuata Wairaqw walisogea kaskazini hadi Karatu, na hofu ilivyopungua, nyumba zikapanda juu ya ardhi.

Ukishuka kutoka kwetu kuelekea Ziwa Eyasi unafika kwa Wahadza. Kwao anayejenga ni mwanamke. Anainamisha matawi, anayafunga, anayafunika kwa nyasi, na baada ya saa chache nyumba iko tayari. Kiangazi wengine hawajengi kabisa. Kambi hukaa wiki kadhaa, kisha huhamia penye maji, mizizi au wanyama, na mali yote huenda mgongoni na mikononi: upinde, kijiti cha kuchimbia, sufuria, ngozi. Kwa Wamasai wa Ngorongoro pia mjenzi ni mwanamke, kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, na siku ya kuhama punda ndiye hubeba. Hawa wote hawakuhitaji magurudumu. Walihitaji kuwa na mahali pa kwenda, na pa kurudia mvua ikinyesha.

Magurudumu yalikuja na watu wengine. Kati ya 1904 na 1905, baada ya vita vyao na Waingereza huko Afrika Kusini, familia za Makaburu zilifika karibu na Mlima Meru, na Wajerumani wakawapa ardhi. Mwaka 1908 kundi jingine, familia 47 hivi zikiongozwa na Jansen van Rensburg, lilishuka melini Mombasa, likapanda treni hadi Nakuru, kisha likapandisha magari ya maksai kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Gari lile lilikuwa ghala, kitanda na paa. Ukilitazama bila kuangalia pembeni, utadhani ni nyumba ya yule dada wa kwenye video. Ila nyuma yake kulikuwa na serikali ya kikoloni iliyokwisha kuamua kuwagawia uwanda ambao Wamasai na Wanandi walikuwa wakiutumia. Mji wa Eldoret uliota katika shamba namba 64, na hadi leo wapo wanaouita Sisibo.

Kisha likaja lori. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kazi iwe imekwisha. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Mamilioni ya Watanzania walihamishwa, wengi kwa malori, na mahali pengine nyumba za zamani zilichomwa ili mtu asirudi. Bibi alikuwa na watoto wawili. Anasema alipewa nafasi ndogo kwenye lori, akachagua: mbegu, vyungu, jiwe la kusagia, mlango. Mume wake alitaka wapakie boriti. Bibi akamwambia boriti tutakata, mlango ulitengenezwa na fundi.

Wamasai walikwisha kuhamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959, na mwaka 1974 wakaondolewa ndani ya kreta ya Ngorongoro. Kuanzia Juni 2022 zilikuja safari za Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilieleza kuwa ni za hiari. Wapo wakazi na watetezi wa haki waliopinga maelezo hayo. Barabara ya kutoka Ngorongoro inapita Karatu mjini, kwa hiyo magodoro na mabati yalipita hapo hapo wanapopita watalii wenye hema juu ya gari, kila upande ukielekea kwake.

Kuna jambo moja lililoenda kinyume na hayo. Mwaka 2011 Wahadza wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipewa hati ya haki miliki ya kimila, ya pamoja. Watu wenye nyumba ya saa chache wakawa na karatasi ya ardhi. Hati ile haikuwataka wajenge kwa tofali kwanza. Inalinda eneo ambalo ndani yake wanaweza kuendelea kuhama.

Niliporudi nyumbani nilimweleza bibi kwamba yule dada huenda anamlipa kodi mwenye kiwanja, na akiambiwa aondoke, ataondoka. Bibi alinyamaza kidogo.

"Basi amefanya vizuri kuweka magurudumu," akasema.

Mlango wa mwaka ule bado uko, kwenye chumba cha jikoni. Umekatwa chini mara mbili kwa sababu ya mchwa, na sasa mtu mzima anaingia akiwa ameinama. Baba anataka kuweka wa chuma. Bibi amemwambia asubiri kwanza shamba lipimwe, hati itoke, ndipo wazungumze habari za milango.