Idara ya hali ya hewa ilisema nini hasa kuhusu El Niño?

UZI. Leo tunachambua hoja ambayo hurudi kila Septemba: "Hawa watu wa hali ya hewa ni waongo, walisema itanyesha na haikunyesha." Wengine wanaigeuza: "Walituambia hakuna shida na sasa tumefagiliwa na maji." Kama kawaida hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunafuata hoja yenyewe mpaka tujue ilizaliwa wapi.

Twende Meru na Embu, kwa sababu huko utabiri si stori ya saa moja usiku kwenye TV. Ukishuka kutoka Kianjokoma kwenye majani chai, upite Runyenjes kwenye kahawa, mpaka ufike Ishiara na Kiritiri, umetoka baridi ya mlimani ukaingia nchi ya ndengu, kunde, mtama na mbuzi, na bado uko kaunti moja. Meru ni vile vile: ngano na shayiri huko Timau, miraa Igembe, halafu nyanda za chini zinazokauka haraka. Watu wa Mbeere na Tharaka wanategemea mvua ya Oktoba hadi Desemba kuliko ile ya Machi. Majirani wao Wakikuyu wanaiita mbura ya mwere, yaani mvua ya mawele. Wengi hupanda kavu, mbegu ikiwa ardhini kabla tone la kwanza. Ukikosea wiki mbili, mbegu imeliwa na mchwa na pesa imeenda.

Sasa, historia. Baada ya ukame wa miaka ya 80 (wazee wanaikumbuka 1984 vizuri sana), mwaka 1989 kilianzishwa Nairobi kituo cha kufuatilia ukame katika eneo hili. Ndicho baadaye kilikuja kuwa ICPAC, chini ya IGAD. Halafu ikaja 1997. Mvua ilianza Oktoba na ikaendelea hadi mwaka uliofuata. Madaraja yakaenda, barabara zikakatika, homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo kaskazini mashariki, na uchaguzi mkuu wa Desemba ukafanyika nchi ikiwa imelowa. Tangu hapo, kwa Mkenya wa kawaida, "El Niño" ni jina la mvua kubwa yoyote inayobomoa vitu.

Shida nyingi zilianzia kwa hilo jina. El Niño ni joto la bahari ya Pasifiki, mbali sana na Meru. Huwa inasukuma uwezekano wa vuli yetu kuwa na mvua nyingi, lakini Bahari ya Hindi nayo ina sauti, tena kubwa. Upande wetu wa bahari hiyo ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua inaletwa kwetu. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilikubaliana. Mwaka 2015 Pasifiki ilikuwa na El Niño kati ya zile kali kabisa zilizowahi kupimwa, lakini Bahari ya Hindi haikuunga mkono kwa nguvu kama 1997. Mvua ilikuja, sehemu nyingine nyingi tu, ila si ile ya kuogofya watu walikuwa wameambiwa wajiandalie. Mitaani swali likawa, "El Niño yenu iko wapi?" Halafu 2019 hakukuwa na El Niño ya maana Pasifiki, na bado Kenya ilifurika, kwa sababu Bahari ya Hindi ilikuwa imechemka kuliko kawaida.

Kwa hivyo mtu akikuambia "kuna El Niño, basi tutafurika" au "hakuna El Niño, basi tuko salama", amekosea mara mbili.

Turudi 1998. Mwezi Februari, maji ya ile El Niño yakiwa bado hayajakauka, wataalamu wa nchi za eneo hili walikaa Nairobi kwa kongamano la kwanza la kutabiri msimu kwa pamoja. Mtindo uliotumika katika makongamano hayo ndio tunapigania mpaka leo. Chukua mvua ya msimu huo kwa miaka 30. Ipange kutoka ndogo hadi kubwa. Kumi za juu ziite "juu ya wastani", kumi za kati "karibu na wastani", kumi za chini "chini ya wastani". Kama hujui chochote, kila fungu lina nafasi moja kati ya tatu. Kazi ya mtabiri ni kuangalia bahari na kusema nafasi zimehama kwenda wapi. Tuseme anatoa 55, 30, 15. Hapo hajasema itanyesha sana. Amesema mizani imeegemea upande wa mvua nyingi, lakini kuna nafasi 15 kwa 100 ya mkulima wa Siakago kuona msimu mkavu.

Na hapa kuna kitu watu hawapendi kusikia. Mtabiri akisema asilimia 60 misimu kumi, inafaa "akosee" karibu minne. Akipatia yote kumi, basi 60 yake ilikuwa ya uongo, alipaswa kusema zaidi. Huwezi kumhukumu kwa msimu mmoja, kama vile huwezi kusema sarafu ni mbovu kwa sababu umerusha mara moja.

Nambari hiyo huanza kupotea njiani. Taarifa inatoka Nairobi ikiwa na asilimia na ramani ya rangi. Gazeti linachukua rangi, linaacha asilimia. Mtangazaji wa redio ya Kimeru au Kiembu ana sekunde 30. Ikifika baraza la chifu, "huenda ikanyesha zaidi" imekuwa "itanyesha". Na si eti lugha zetu haziwezi kubeba shaka. Mwenye duka Runyenjes akikuambia "huenda nikapata hiyo bidhaa kesho", unajua kabisa usikatize safari yako kwa ajili yake. "Huenda" tunaielewa vizuri, ila haipigiwi makofi mkutanoni.

Ongeza na ramani. Katika taarifa za kitaifa, Meru, Embu na Tharaka-Nithi huwekwa kundi moja na Nyeri, Kiambu, hata Nairobi: nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa. Mtu wa Kiritiri, ambaye shamba lake linafanana na la Kitui kuliko la Kiambu, anasikia utabiri wa nyanda za juu. Ndiyo maana ofisi za hali ya hewa za kaunti ni muhimu, na ndiyo maana bajeti yake haifai kuwa kitu cha kukatwa kimya kimya. Tena utabiri wa msimu ni wa jumla ya mvua. Mvua yote ikimwagika wiki tatu kisha jua likakaa, ramani itasema "juu ya wastani" na mahindi yatakauka yakiwa yanachanua. Mkulima ataona amedanganywa, na siwezi kumlaumu.

Sasa 2023, mwaka ambao unatajwa sana kwenye mabishano. Nchi ilikuwa imetoka kwenye misimu mitano mfululizo iliyofeli maeneo kame, na hiyo ilikuwa imetabiriwa vizuri. Utabiri wa Machi hadi Mei 2023 ulielekea tena ukavu. Februari 14 kukawa na maombi ya kitaifa ya mvua. Machi ikanyesha. Unaweza kuwaza mjadala ulivyokuwa, maombi dhidi ya kompyuta, na kila upande na meme zake. Imani ya mtu ni yake. Ila ile nafasi ya mvua ilikuwa ndani ya utabiri tangu mwanzo, ilikuwa ndogo tu kuliko ile nyingine, na karibu hakuna aliyeitangaza.

Kwa hivyo Agosti, utabiri ulipokuja na El Niño na mvua juu ya wastani, masikio yalikuwa yamechoka. Idara ilieleza kwamba mvua ingezidi wastani lakini haikutarajiwa kufika kiwango cha 1997. Sentensi hiyo ina vipande viwili. Oktoba, majukwaani, kipande cha kwanza kikatupwa na cha pili kikakuzwa hadi kikawa "hakuna El Niño, ni mvua ya kawaida tu, pandeni". Kufikia mwisho wa Novemba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko nchini, hasa kaskazini mashariki na pwani wakiumia sana, na viongozi wa kitaifa na wa kaunti walikuwa wanarushiana lawama kuhusu pesa za El Niño ziko wapi.

Kwa maoni yangu, kosa la Oktoba halikuwa la sayansi. "Haitafika 1997" haimaanishi "haitakuja". Mtu aliyehamisha familia kutoka kando ya mto akairudisha baada ya kusikia hilo tangazo hakuwa mjinga. Aliamini sauti kubwa kuliko taarifa yenye asilimia.

Kuna jambo moja la sheria ambalo haliguswi sana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, na malipo kutoka humo kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Lakini ni ya matumizi ya haraka ambayo hayakutarajiwa. Sasa utabiri wa asilimia 60 ni kitu gani? Umetarajiwa, lakini haujatokea. Afisa wa fedha akizibua mitaro Septemba kisha mvua isije, ataulizwa na wakaguzi na MCA kwa nini alitumia pesa. Akingoja maji yaingie kwenye nyumba, hakuna wa kumuuliza. Mfumo wenyewe unamfundisha kungoja.

Njia ipo. Mashirika kama Msalaba Mwekundu yamekuwa yakitumia mpango wa kukubaliana mapema: uwezekano ukifika kiwango fulani, pesa inatoka na kazi fulani inafanyika, hata kama baadaye mvua haitakuja. Hasara ya kuzibua mtaro ambao haukuhitajika unaijua. Ya kutozibua ule uliohitajika, kama daraja la kwenda sokoni limebebwa na ndengu zimeozea shambani, huwezi kuijua mpaka imeshatokea.

Kwa hivyo mheshimiwa akija kwenu Septemba na kusema itanyesha au haitanyesha, muulize kwanza ni asilimia ngapi, na ya eneo gani. Kisha muulize kaunti imepanga kufanya nini ikifika asilimia hiyo, na pesa hizo ziko kwenye ukurasa gani wa bajeti.