Taurus, Kwik Fli, Curare: ubishi wa marubani wasiopanda ndege zao

Ukifungua kipokezi cha redio kilichoongoza ndege ndogo za mashindano mwaka 1960, utakuta ilimba ndani yake. Vijiti vya chuma vyembamba, kimoja kirefu kidogo kuliko mwenzake, vimepangwa safu kama meno ya kitana, kila kimoja na mlio wake. Fundi wa ilimba wa Kigogo angejua mara moja ni kitu gani. Ila ilimba hii haikungoja dole gumba. Rubani alisimama chini uwanjani akabonyeza swichi, rimoti yake ikarusha mlio wa kiwango fulani, na kule angani kijiti chenye mlio uleule kikatetemeka, kikagusa ncha ya waya, umeme ukapita, mota ndogo ikausukuma usukani hadi mwisho.

Hapo penye "hadi mwisho" ndipo palipokuwa na kazi. Usukani haukujua nusu wala robo. Ama umelala katikati, ama umekunjwa wote. Rubani aliyetaka ndege iinue pua kidogo tu ilibidi aidonoe swichi haraka haraka, mfano wa kuku anavyodonoa mtama, na kila donoa ilionekana angani kama mshtuko. Mtambo uliohesabiwa kuwa kamili ulikuwa na vijiti kumi: viwili vya kulaza ndege kushoto na kulia, viwili vya pua juu na chini, viwili vya usukani wa mkia, viwili vya kuongeza na kupunguza mafuta, na viwili vya kusawazisha pua taratibu. Kwa chombo hicho watu walipiga vitanzi, wakaruka chali, wakaiacha ndege izunguke kama pia kisha wakaizuia. Majaji walikaa chini wakitoa alama.

Naeleza haya mapema kwa sababu wapenzi wa ndege za zamani za sarakasi hubishana bila kuyataja. Huyu husema ndege iitwayo Taurus haijapata mpinzani, yule huapa kwa nyingine, Curare. Wote wanasahau kuuliza ndege ilikuwa ikimtii nani, na kwa lugha gani.

Kwanza ilibidi bawa lishuke. Ndege nyingi za redio za miaka ya 1950 zilibeba bawa juu ya kiwiliwili, kama Cessna zinazopeleka watalii mbugani. Bawa likikaa juu, ndege hujisawazisha yenyewe ikiyumba. Ni sifa njema kwa mwanafunzi, lakini ni balaa kwa anayetaka kuruka chali, maana ndege inataka kugeuka irudi ilivyokuwa. Mwishoni mwa muongo huo, Astro Hog ya Fred Dunn, iliyorushwa na Bob Dunham huko Marekani, ilileta bawa chini ya kiwiliwili na kuonyesha kwamba inawezekana. Tangu hapo ndege ya sarakasi ilipata umbo ambalo hata mtoto angelichora.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Dübendorf, Uswisi, mwaka 1960, na Mmarekani Ed Kazmirski akayachukua kwa ndege aliyoibuni mwenyewe, Orion. Baada yake akaitoa Taurus, ndege kubwa kwa wakati ule, bawa lake likikaribia meta 1.8. Jambo la kutazama ni unene wa bawa lile. Bawa nene huzuiwa na hewa. Ndege ikielekea chini haipati mbio za kukimbia na roho ya mwenye nayo, na ikipanda haifi ghafla, kwa hiyo mwendo wa juu na wa chini haupishani sana. Kwa rubani wa kudonoa swichi hiyo ni neema tupu: ana muda wa kukosea na muda wa kurekebisha. Taurus imekatwa kwa kipimo cha vile vijiti, kama kanzu inavyokatwa kwa kipimo cha mvaaji.

Kisha vijiti vikanyamaza. Katika miaka ya 1960 ilikuja redio ya uwiano: ukisogeza mkono kidogo, usukani husogea kidogo, ukisogeza sana, husogea sana. Leo hata baadhi ya magari ya kuchezea ya watoto yanafanya hivyo, lakini kwa wale marubani ilikuwa kama kutoka kwenye kupiga mbinja na kuingia kwenye kusema. Mmoja wa waliozitengeneza redio hizo ni Phil Kraft wa California. Mwaka 1967 alikwenda Ajaccio, kisiwani Corsica, na ndege aliyoichora mwenyewe, Kwik Fli III, akarudi bingwa wa dunia. Mtengeneza redio kuwa bingwa ni tangazo ambalo hakuna gazeti lingeweza kumwuzia.

Kwik Fli haina urembo. Kiwiliwili chake ni sanduku la balsa lenye pande bapa, na jina lenyewe linadokeza kazi ya haraka. Mtu mwenye kisu kikali, gundi na meza iliyonyooka aliweza kuijenga. Ningeambiwa nichague moja tu ya kutundika ukutani kwangu, ningechukua hiyo, nikijua wajuzi watanicheka. Redio sasa ilikuwa na ufasaha wa kutosha, hivyo ndege haikuhitaji tena kuwa na huruma. Ilitakiwa iende pale inapoelekezwa, basi.

Baada ya hapo kombe lilihamia kwenye milima ya Alps. Bruno Giezendanner wa Uswisi, na ndege yake Marabu, alishinda Bremen mwaka 1969, akashinda tena 1971. Mwaka 1975 ikawa zamu ya Wolfgang Matt, mtu wa Liechtenstein, nchi ambayo wengi wetu tungeitafuta kwenye ramani kwa miwani. Na mwaka 1977, huko Springfield, Ohio, Hanno Prettner wa Austria akaja na Curare.

Curare ni jina la sumu ambayo wawindaji wa Amerika Kusini hupaka mishale yao, na ndege ilifanana na jina. Bawa lilirudi nyuma kidogo kama la mbayuwayu. Mkia wake wa mlalo uliinama chini pande zote mbili kama masharubu ya mzee, ili rubani akisogeza usukani wa mkia ndege igeuke bila kujilaza. Magurudumu yalikunjwa baada ya kuruka. Kanuni zilibana injini isizidi cc 10, hivyo mafundi wakahamishia werevu wao kwenye bomba la ekzosi. Bomba hilo lilipimwa urefu kwa uangalifu ili wimbi la moshi ligonge mwisho, lirudi, na kuurudisha ndani ya silinda mchanganyiko wa mafuta uliotaka kutoroka bila kuungua. Injini ileile ikatoa nguvu ya injini kubwa kuliko yenyewe, na kelele ya kuwaudhi majirani.

Huo ndio wakati wa mbio. Rubani alipiga umbo moja kubwa mbele ya majaji, akaenda mbali kugeuza atakavyo, akarudi kwa umbo jingine. Katikati ya miaka ya 1980 kanuni zikabadilika: hata kugeuza kukawa ni umbo la kupewa alama, na yote yafanyike ndani ya eneo lenye mipaka, nyuzi 60 kushoto na nyuzi 60 kulia kwa rubani. Piga hesabu. Ndege ikiruka meta 150 mbele yako, upana wa eneo hilo ni kama meta 520. Kwa kilomita 160 kwa saa unalimaliza kwa sekunde 12. Mshale umekuwa mrefu kuliko chumba.

Ndege za leo, zisizozidi meta 2 kwa urefu wala kwa upana, na zisizopita kilo 5, zina viwiliwili vinene kama samaki chewa, na nyingi zinatumia umeme. Zinaposhuka, propela kubwa huzishika zisikimbie. Mwendo sawa juu na chini: kile alichokitafuta Kazmirski kwa bawa nene.

Huko Marekani kipo chama, Senior Pattern Association, kinachoshindanisha ndege zilizobuniwa kabla ya 1976. Magurudumu ya kukunjwa hayaruhusiwi, wala lile bomba la ekzosi. Wachezaji hurusha miundo ya zamani kwa redio za kisasa, na Taurus iliyokuwa ikishtuka kwa kila donoa sasa huteleza kama mafuta. Wachache wamekataa starehe hiyo. Wamefufua mitambo ya vijiti. Asubuhi kabla ya kurusha utamkuta mmoja wao amekaa kwenye majani na bisibisi ndogo mkononi, anabonyeza swichi moja, anatega sikio, anaigusa skrubu kidogo, anabonyeza tena, hadi kijiti kiitike.