Dari ya Pikapu na Safari Yake ya Kuchelewa

Dari ya gari, yaani kitambaa, plastiki au ubao mwembamba unaofunika upande wa ndani wa paa, ilichelewa kuingia katika pikapu, na kuchelewa huko hakukutokana na ugumu wa ufundi bali na namna dereva alivyohesabiwa. Kwa watengenezaji wa Marekani wa mwanzo wa karne ya 20, gari la mizigo lilikuwa chombo cha kazi, na aliyeliendesha alichukuliwa karibu kama sehemu ya chombo hicho. Pikapu ya kwanza ambayo kampuni ya Ford iliitoa kiwandani ikiwa kamili, mwaka 1925, ilijengwa juu ya chasisi ya Model T na kuuzwa kwa dola 281, wala haikuwa na mahali pa kuwekea dari, kwa kuwa juu yake palikuwa na turubai la kukunja.

Hata magari yaliyofungwa ya miaka hiyo hayakuwa na paa la chuma tupu. Viwanda havikuwa na mabamba ya chuma mapana ya kutosha, wala mashine kubwa za kuyakandamiza yakapata umbo la paa zima, hivyo katikati ya paa palijazwa fito za mbao, pamba na kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji. Hali ilibadilika General Motors ilipoleta paa la bamba moja la chuma, lililoitwa Turret Top, kwa magari yake ya mwaka 1935, na baada ya miaka michache pikapu nazo zikafuata. Paa hilo halikuvuja wala halikuoza, lakini lilileta adha ambayo kila aliyelala katika nyumba ya mabati isiyo na dari anaijua: mvua iligeuka ngoma, na jua la mchana liligeuza chumba cha dereva kuwa tanuri. Kitambaa, ambacho awali kazi yake ilikuwa kuficha mbao, sasa kikawa na kazi ya kupunguza kelele na joto.

Pikapu za Chevrolet zilizoanza kuuzwa mwaka 1947, pamoja na Ford F-1 ya mwaka 1948 ambayo chumba chake cha dereva kilitangazwa kuwa kimegharimu dola milioni moja kukibuni, zilionyesha kwamba starehe ya dereva wa mizigo imeanza kuwa biashara. Hata hivyo dari iliyotumika ilikuwa ya bei nafuu, kwani kilichowekwa kilikuwa kadibodi ngumu, iliyokatwa kufuata umbo la paa na kushikiliwa pembezoni kwa vipande vya chuma. Fundi anayeirudishia leo hulowesha kidogo mgongo wa kadibodi ili ikunjike bila kuvunjika, kisha huipinda na kuisukuma juu, nayo, kwa nguvu ya kutaka kunyooka, hujibana yenyewe dhidi ya paa.

Dari ya kitambaa, iliyozoeleka zaidi katika magari ya abiria, hudai subira kubwa zaidi. Kitambaa hushonewa mifuko myembamba upande wa juu, na ndani ya kila mfuko hupitishwa tao, yaani waya wa chuma uliopindwa, ambao ncha zake huingia katika matundu ya pembeni mwa paa. Matao hayo hayalingani mviringo, na fundi asiyeyawekea alama kabla ya kuyatoa hujitafutia usumbufu wa siku nzima. Kwanza hubandikwa sufi ya kuzuia joto, kisha matao husimamishwa moja baada ya jingine, kitambaa huvutwa mbele na nyuma, na mwishowe pembeni, ambako hushikizwa kwa misumari midogo au gundi. Katika magari mengi kioo cha mbele hutolewa kabla ya hayo yote, kwa sababu ukingo wa kitambaa hufichwa chini ya mpira wake. Mikunjo inayobaki huondolewa kwa mvuke.

Kuanzia miaka ya 1970 kazi hii ilirahisishwa kwa ubao uliofinyangwa kiwandani na kufunikwa kwa kitambaa chenye sponji ya poliyurethani, kemikali iliyogunduliwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937. Urahisi huo una gharama yake, kwa kuwa joto na unyevu huiharibu sponji hadi ikawa unga, kitambaa kikaning'inia na kumgusa dereva kichwani. Na gundi mpya haitashika hadi unga wote ukwanguliwe. Kwa hiyo anayebandika kitambaa cha sponji katika pikapu ya 1947, kwa sababu tu kinapatikana kwa wepesi, huliambukiza gari hilo maradhi ambayo halikuzaliwa nayo, ilhali kipande cha kadibodi ngumu, kisu kikali na ndoo ya maji vingetosha.